Barua ya wazi kwa wasimamizi wa masomo ya fasihi: Paul Zumthor na sauti tuliyoiacha nje ya darasa

Kwa wakuu wa idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, wakuza mitaala, na wasimamizi wa hifadhi za miswada na za sauti.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahiki, nawaandikia kuhusu jambo moja tu: tunafundisha ushairi wa kale kwa macho, ilhali ushairi huo ulitungwa kwa ajili ya masikio. Nitalieleza kwa kupitia kazi za msomi ambaye hakuwa mtaalamu wa Kiswahili. Paul Zumthor alizaliwa Geneva mwaka 1915, akasoma Paris, akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Montréal nchini Kanada, mji ambako alifariki mwaka 1995. Uwanja wake ulikuwa fasihi ya Zama za Kati, hasa ile ya Kifaransa cha kale na ya nchi jirani. Nimemchagua kwa sababu swali lililomshughulisha kwa zaidi ya miongo miwili ndilo swali ambalo mitaala yetu imelikwepa, naye alilikabili akiwa na ushahidi haba sana kuliko huu tulio nao sisi.

Alipoingia katika kazi hii, desturi ya wataalamu wa Ulaya ilikuwa kukusanya nakala zote za utungo, kuzilinganisha, kuondoa yale waliyoyahesabu kuwa makosa ya wanakili, na kujaribu kuufikia utungo mmoja wa asili uliotoka mkononi mwa mtunzi mmoja. Desturi hiyo ilizaa matoleo ambayo hadi leo yanategemewa, nami siidharau. Lakini ilisimama juu ya dhana kwamba mtunzi wa karne ya 12 alifanya kazi kama mwandishi wa karne ya 19, anayemaliza kitabu chake na kumkabidhi mchapishaji. Miswada yenyewe inaikataa dhana hiyo. Utendi wa Roland, utungo wa kishujaa wa Kifaransa cha kale ulio maarufu kwa jina la Chanson de Roland, una mistari takriban 4,000 katika mswada unaohifadhiwa Oxford. Katika mswada wa Châteauroux unazidi mistari 8,000, na mahali palipokuwa na mwafaka wa vokali tu mwishoni mwa mistari pamewekwa vina kamili. Tena, mstari wa mwisho wa mswada wa Oxford unamtaja mtu aitwaye Turoldus, lakini kwa kitenzi ambacho wataalamu hawajakubaliana kama kinasema kwamba aliutunga utendi huo, aliunakili, au aliughani mbele ya watu.

Mbele ya hali kama hiyo, Zumthor hakuuliza ni nakala ipi iliyo sahihi. Katika kitabu chake cha mwaka 1972, Essai de poétique médiévale, alisema kwamba kutotulia huko ndiko maisha yenyewe ya utungo, akakupa jina la mouvance. Kwake, utungo wa Zama za Kati haukukaa ndani ya nakala yoyote moja. Ulikuwa jumla ya nakala zote na ya maonyesho yote ambayo nakala hizo ni mabaki yake, na kila aliyeupokea alikuwa na haki ya kuurefusha, kuufupisha au kuzipanga upya beti zake kwa kadiri ya hadhira iliyokuwa imekaa mbele yake. Jambo hili linaonekana pia katika nyimbo za Jaufre Rudel, mmoja wa matrubaduri, yaani washairi-waimbaji wa kusini mwa Ufaransa wa zama hizo, ambazo mpangilio wa beti zake hutofautiana kutoka mswada hadi mswada bila wimbo kuvunjika.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayotaka mwitazame kwa makini zaidi. Ikiwa utungo haukai kwenye karatasi, unakaa wapi? Jibu la Zumthor, alilolijenga katika Introduction à la poésie orale ya mwaka 1983 na kulikamilisha katika La lettre et la voix ya mwaka 1987, ni kwamba unakaa katika sauti ya mtu aliyesimama mbele ya watu. Aliyagawa maisha ya utungo katika hatua tano, yaani kutungwa, kuwasilishwa, kupokewa, kuhifadhiwa na kurudiwa, akaonyesha kwamba pale ambapo kuwasilishwa na kupokewa hutokea wakati mmoja, kwa mdomo na kwa sikio, ndipo penye utendaji. Maneno yaliyoandikwa ni sehemu moja tu ya utendaji huo. Sehemu nyingine ni mahadhi, pumzi, ishara za mikono, uso wa mghani, mahali, saa, na watu wenyewe waliohudhuria, wanaocheka, wanaoitikia au wanaonyamaza.

Hapa pana hoja ambayo wengi wanaomnukuu huipita haraka. Zumthor hakusema kwamba ushairi wa Zama za Kati ulikuwa wa wasiojua kusoma, wala hakuiweka sauti upande mmoja na maandishi upande mwingine kama mahasimu. Alitofautisha jamii ambayo haijakutana kabisa na maandishi, jamii ambayo maandishi yapo lakini yanagusa maisha ya watu kwa mbali na kwa sehemu tu, na jamii ambayo maandishi yameshika hatamu hata sauti inatamka yaliyokwisha kuandikwa. Ulaya ya Zama za Kati aliiweka katika aina hizi mbili za mwisho. Kasisi aliyejua Kilatini, mwanamke wa kasri na mwimbaji wa njiani wote waliishi na maandishi kwa kiasi tofauti, na kwa wote utungo ulifika kwa sikio. Ndiyo maana hatimaye alipendelea kuzungumzia sauti yenyewe, pamoja na mwili unaoitoa, badala ya kutumia neno la jumla la usimulizi.

Ushahidi wa hali hiyo umo ndani ya fasihi yao wenyewe. Katika hadithi ya Yvain ya mtunzi Mfaransa Chrétien de Troyes, iliyotungwa mwishoni mwa karne ya 12, shujaa anaingia katika bustani ya kasri na kumkuta bwana mmoja ameegemea kiwiko juu ya kitambaa cha hariri, na mbele yake msichana anasoma hadithi kwa sauti. Mama yake msichana naye amekuja na kuegemea karibu ili asikilize. Kitabu kipo mkononi mwa msichana, naye anajua kusoma vizuri, lakini kusoma kwake ni tendo la watu watatu. Mapema katika hadithi hiyohiyo, mhusika mwingine, kabla ya kusimulia yaliyompata, anawaomba wenzake wamletee mioyo yao pamoja na masikio yao, kwa kuwa neno lisilopokewa na moyo hupotea. Mtunzi aliyeandika hivyo alijua fika kwamba kazi yake ingemfikia mtu kwa njia ya koo la mtu mwingine.

Zumthor mwenyewe alieleza mahali alipoanza kuyahisi haya. Alikuwa mwanafunzi Paris katika miaka ya 1930, wakati waimbaji wa mitaani walipokuwa wengi, naye alikuwa na pembe zake alizozipenda. Watu kumi na tano au ishirini walikusanyika, mwimbaji akaimba kwa lahani nyepesi ambayo kufikia ubeti wa mwisho kila mtu angeweza kuiitikia, na maneno yakauzwa kwa senti chache kwenye karatasi iliyochapwa ovyo. Alipoinunua karatasi hiyo na kuisoma peke yake, wimbo haukurudi. Ulibaki barabarani pamoja na kelele za mtaa, vicheko vya wasichana na rangi ya anga la jioni, na vyote hivyo, kama alivyokuja kusema baadaye, vilikuwa sehemu ya wimbo.

Waheshimiwa, sasa niyalete haya nyumbani, kwa kuwa uhusiano upo na haulazimishwi. Vitabu vyetu vya kiada vimejenga ukuta kati ya fasihi simulizi na fasihi andishi. Utendi hutajwa kwa aya mbili tatu upande wa kwanza, chini ya maghani, kisha unapohamia upande wa pili, chini ya ushairi wa arudhi, unageuka kuwa suala la vina, mizani na maudhui, kana kwamba haujawahi kupita kinywani mwa mtu. Mwanafunzi anafundishwa kuwa fasihi simulizi ina fanani na hadhira, na kuwa fasihi andishi ina mwandishi na msomaji. Mgawanyo huo unafaa kwa riwaya. Kwa tenzi zetu haufai hata kidogo, na Zumthor ameshatupatia hoja za kuuondoa.

Tazameni utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Beti zake za mwanzo zinasema:

Negema wangu binti,
mchachefu wa sanati,
upulike wasiati,
asa ukazingatia.

Na ubeti mwingine, muda mfupi baadaye:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi,
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia.

Mama ni mgonjwa, anamwita mwanawe asogee na asikilize. Anamwambia aje mbele, aketi, alete wino na karatasi, kwa kuwa ana jambo moyoni analotaka kumwambia. Katika mishororo minne tunaona sauti ya mama, mkono unaotarajiwa kuandika, mwili uliokaa karibu na mwili, na wosia unaokusudiwa kubaki. Sijui kama kuna mahali katika fasihi ya Zama za Kati ya Ulaya ambapo hoja nzima ya kitabu cha Zumthor cha mwaka 1987 imesemwa kwa uwazi kiasi hiki na mtunzi mwenyewe. Hata hivyo mwanafunzi wetu huusoma ubeti huu ili ataje dhamira ya malezi, na basi.

Hata mizani, ambayo tunajivunia kuifundisha, haieleweki bila sauti. Mwanafunzi anayehesabu mshororo wa kwanza kwa macho, kwa silabi za Kiswahili cha kila siku, hupata mizani saba: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-nti. Akiughani kama unavyoghaniwa, ile n ya binti inasimama peke yake na kuchukua pigo lake, na mizani inatimia minane kama mishororo mingine. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, niliona karatasi za majibu ambazo wanafunzi waliandika kwamba mtunzi amekiuka arudhi hapo, na walipewa alama kwa jibu hilo. Hakuna aliyewahi kuwaghania utenzi huo. Nilisikitika, wala sikuwalaumu wanafunzi, kwa maana waliwajibu wakubwa wao kwa kadiri walivyofundishwa.

Suala la kutotulia kwa utungo nalo ni letu. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake mengi tuliyo nayo yalikusanywa katika muongo wa 1880, pale Mwalimu Sikujua alipomsaidia mmisionari Mwingereza William Taylor kuyaandika kutokana na yale ambayo watu wa Mombasa waliyahifadhi vichwani. William Hichens, mhariri wa tungo za Kiswahili, aliyachapisha kama diwani mwaka 1940, huko Johannesburg. Kwa hiyo, kati ya kinywa cha Muyaka na kitabu cha kwanza kilichochapishwa ipo miaka mia moja hivi, na karibu nusu yake mashairi yaliishi zaidi katika kumbukumbu na midomo ya wenyeji wake. Mtu akisoma diwani hiyo akidhani kila neno ni la Muyaka kwa herufi, anafanya kosa lilelile ambalo wataalamu wa Roland walilifanya. Akisema kwa sababu hiyo kwamba mashairi si ya Muyaka, anakosea zaidi. Zumthor anatupa njia ya tatu, ya kuyaona kama mashairi ambayo mji mzima uliyabeba, na kila aliyeyabeba aliacha alama yake.

Najua wako watakaoona kwamba hii inadhoofisha hadhi ya watunzi wetu, ambayo ilipiganiwa kwa jasho wakati wageni walipodai kuwa ushairi wa Kiswahili ni kivuli cha ushairi wa Kiarabu. Naiheshimu hofu hiyo. Lakini hakuna aliyemshusha Chrétien de Troyes kwa kusema kwamba aliandika ili asomwe kwa sauti, na kumtambua mghani hakumfuti mtunzi. Wapo pia watakaosema kwamba nadharia za Ufaransa hazituhusu. Kwao nasema kwamba vitabu vya Zumthor vilipofika Brazili, watafiti wa huko waliviweka kando ya ushairi wa vijitabu vya sokoni unaoimbwa kaskazini mashariki mwa nchi yao, wakavipima kwa huo, na kazi iliyotokana na hayo ni yao wenyewe. Nasi tunaweza kumpima kwa utendi, na pale atakapopwaya tuseme.

Maana yapo mahali anapopwaya. Sauti aliyoitafuta ilikuwa imenyamaza kwa karne saba au nane. Ilimbidi aikisie kwa dalili zilizobaki ndani ya miswada: mtunzi anapowaita wasikilizaji wanyamaze, anapotaja malipo yake, au mwandishi anapoacha herufi zisizofafanuliwa pembeni, kama zile AOI za mswada wa Oxford. Nyimbo za matrubaduri zilizobaki ni takriban 2,500, na zenye lahani iliyoandikwa ni kama moja ya kumi tu. Baadhi ya kurasa zake, kwa maoni yangu, zinapaa mno kwa sababu hana sauti ya kumrudisha chini. Sisi tunayo. Wazee na akina mama wanaoghani tenzi bado wapo Lamu, Siyu, Mombasa, Pemba na Tanga, na baadhi yao walizipokea kwa watu waliozipokea kwa watu wa zama za watunzi wenyewe. Kila mmoja wao anapoondoka, tunasogea hatua moja kuelekea hali ya Zumthor, ya kukisia.

Kwa hiyo, maombi yangu kwenu ni haya. Nawaomba wakuu wa idara muufute ule ukuta katika kozi za ushairi, angalau kwa tenzi na mashairi ya kale, ili utungo ufundishwe kama kitu kimoja chenye maandishi na sauti, na kila mwanafunzi wa shahada asikilize waghani wawili au zaidi wakighani utungo mmoja, kisha aeleze wametofautiana wapi na kwa nini. Kughani kwenyewe kutahiniwe. Mwanafunzi wa muziki hawezi kuhitimu bila kupiga ala, na sioni sababu ya mwanafunzi wa ushairi kuhitimu bila kufungua kinywa. Mkihofia kwamba walimu wengi hawajui mahadhi, waalikeni waghani wenyewe, na muwalipe kama mnavyomlipa mhadhiri mgeni.

Kwenu wasimamizi wa hifadhi, miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na mtafiti J. W. T. Allen iko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mingine ya Taylor na Hichens iko London. Kazi ya kuitunza inastahili shukrani. Ombi langu ni kwamba kila mswada unaochapishwa upya utolewe pamoja na tofauti za nakala zake zote, bila kuzificha chini ya toleo moja lililosafishwa, na uambatane na sauti ya mghani. Hapa Zumthor ametuachia onyo la kufaa: aliona kwamba redio na kanda huihifadhi sauti lakini huinyang'anya mwili na mahali, na kuifanya irudiwe vilevile daima. Hivyo kurekodi peke yake hakutoshi. Iandikwe nani alighani, katika hafla gani, mbele ya nani, saa ngapi, amejifunza kwa nani, na hadhira iliitikia wapi. Pale ambapo mghani amekubali kurekodiwa kwa picha, arekodiwe kwa picha, na ridhaa yake na ya jamaa zake iheshimiwe, hasa kwa tungo za ibada.

Mwisho, naomba vitabu viwili vya Zumthor nilivyovitaja, cha mwaka 1983 na cha mwaka 1987, vitafsiriwe kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka Kifaransa. Istilahi nyingi tunazo tayari. Ghani, mahadhi, lahani, malenga, utendaji na hadhira ni maneno yaliyo hai, na kwa baadhi ya mambo aliyohangaika kuyatafutia majina, lugha yetu imeyataja zamani. Kazi hiyo inamtaka mfasiri mwenye Kifaransa kizuri akae na mjuzi wa arudhi na mghani mmoja meza moja, kwa muda wa kutosha, na kwa malipo yanayoeleweka. Idara za Kifaransa na za Kiswahili katika vyuo vyetu vingi zinatenganishwa na ukumbi tu. Naomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya duru ijayo ya mapitio ya mitaala, na niko tayari kufika mbele ya kamati yoyote itakayoniita, nikiwa pamoja na waghani wawili, ili wajumbe wasikie kabla ya kuamua.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa ushairi wa Kiswahili